Tangi Lisilokauka

Mzee Tone hakuwa mtu wa ugomvi. Ila ukitaka kumwona akibadilika rangi, mwambie tangi lake la dizeli linakaribia kuisha. Hapo ndipo ungemwona akiinuka kwenye kiti chake cha plastiki pale mlangoni pa ofisi, anachukua ufito wa kupimia, anakwenda kufungua mfuniko wa tangi mwenyewe. Ufito ule aliupiga rangi nyekundu kwa chini, kiasi cha shubiri moja. Mafuta yakishuka mpaka kwenye ule wekundu, pampu ya dizeli inafungwa, awe mteja nani. Watu wangoje lori lije.

"Chini ya hapa si mafuta ya kuuza," alikuwa akisema. "Hapa ni baraka."

Wafanyakazi wa kituo walikwishamzoea. Jina la Tone walimpa wao, kwa sababu gari likishajazwa, mzee husogea na kungoja lile tone la mwisho lidondoke kutoka kwenye mdomo wa mpira, ndipo aruhusu mfuniko ufungwe. Tone halitupwi, ndiyo kauli yake. Mwanzoni walimwita kwa kificho, kisha wateja wakalidaka, na mwishowe yeye mwenyewe akaanza kuitika. Jina likishaota mizizi utaling'oa kwa jembe gani?

Sasa hiyo baraka ilikuwa na chanzo chake. Kituo kile cha mafuta alikianzisha pamoja na marehemu mkewe, wakati barabara ya pale mbele ingali ya vumbi. Siku lori lilipomwaga dizeli ya kwanza, walirudi nyumbani wamechoka hoi, wakakaa jikoni, yeye akiwa mgeni kabisa mle ndani, maana jikoni alikuwa akiingia kwa mwaka mara moja kama mtoza ushuru. Mkewe akamwonyesha debe la unga lililokaa kwenye kona. "Unaliona hili? Tangu umenioa umewahi kulikuta tupu? Basi na tangi lako usiliache likauke."

Hayo tu. Maneno ya mke aliyechoka, anayemtania mumewe mwisho wa siku. Lakini mkewe alipofariki, maneno yale yaligeuka wasia. Mzee Tone akaamini kwamba kule chini kabisa, chini ya shehena zote zilizomwagwa na kuuzwa, ipo bado dizeli kidogo ya siku ile ya kwanza, ile waliyoipokea wawili. Hakumwambia mtu, maana angechekwa. Ila kila asubuhi alipotumbukiza ufito, alihisi kama mtu anayebisha hodi kwa mwenzake na kuitikiwa.

Basi ikaja sheria mpya.

Aliyemletea habari ni binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye ndiye meneja wa kituo. Mzee humwita "mama", kwanza kwa sababu ndivyo baba anavyomwita binti anayempenda, pili kwa sababu binti yule amebeba jina la mama yake mzee. Alikuja na kitambaa mkononi. Kila asubuhi yeye hufuta kioo cha ofisi, na kabla ya adhuhuri kioo kinakuwa na ukungu mweusi tena, kwa moshi wa malori na mabasi yanayopanda kilima pale mbele.

"Baba, dizeli tunayouza inaondolewa sokoni. Inakuja nyingine, yenye salfa kidogo sana."

"Salfa ndiyo nini?"

"Ni uchafu uliomo kwenye mafuta. Ndiyo unaoleta moshi huu." Akamwonyesha kitambaa. "Tunauvuta kutwa nzima, mimi na hawa vijana wa pampu."

"Dizeli bila moshi ni dizeli gani? Si itakuwa kama chai ya rangi?"

"Basi acha iwe chai ya rangi. Hospitali hapo ng'ambo wameletewa magari mapya ya wagonjwa. Yana chujio la moshi kwenye bomba la nyuma. Salfa ikiingia mle, chujio linakufa. Gari limekuja na pua safi, Baba, sisi tunalipa ugoro."

Mzee akacheka. Binti yake alikuwa na ulimi wa marehemu mama yake, mtu huwezi kumkasirikia. Lakini kicheko kilimkatika aliposikia yaliyofuata: kabla ya kupokea dizeli mpya, tangi linatakiwa litolewe mafuta yote, lisuguliwe, likaushwe.

"Yote?"

"Yote."

"Hata yale ya chini?"

"Hasa yale ya chini. Huko ndiko uchafu ulikokaa."

"Mama, mafuta ya zamani na mapya ni ndugu. Ukiyaacha kidogo yanakaribishana. Na wahenga walisema ya kale ni dhahabu."

"Dhahabu sawa, lakini si dizeli. Na wahenga haohao walisema samaki mmoja akioza, wameoza wote. Ile mpya imesafishwa mno, ukitia dumu moja tu la ya zamani, umeiharibu." Binti akavuta kiti, akakaa karibu naye, sauti akaishusha. "Sikiliza. Kituo chetu ndicho cha kwanza upande huu wote kupewa. Hospitali wanatutegemea. Nimetia saini kwamba tangi letu litakuwa safi, halina hata tone la zamani. Sikutia jina la kituo, Baba. Nimetia langu. Wakaguzi wakikuta kasoro, mwongo ni mimi, na sitaruhusiwa kusimamia kituo cha mafuta tena, hiki wala kingine."

Mzee Tone akamtazama. Jina lile lilikuwa la mama yake mzazi. Akajibu, "Sawa, mama. Fanyeni." Na hapo, jamani, ndipo alipokosea, maana alisema sawa na moyoni hapakuwa na sawa yoyote. Angebisha siku ile wangegombana yakaisha. Lakini wanaume wa aina yake kulia hawalii, kusema hawasemi. Hukubali kwa mdomo, halafu wakaenda kufanya yao.

Fundi wa matangi akaja na mashine yake ya kunyonya. Alikuwa mtu mkimya, mwenye buti za mpira mpaka magotini. Dizeli ya zamani ikanyonywa, ikarudishwa ilikotoka kwa lori. Ilipofika ile ya chini, iliyoanza kuwa nzito, mzee akamsogelea na dumu.

"Nijazie hili."

"La nini, Mzee? Hii ya chini si nzuri."

"La jenereta."

Jenereta la pale kituoni lilikuwa la petroli, na fundi alilijua vizuri kwa kuwa aliwahi kulitengeneza. Lakini nani atabishana na mwenye mali? Akajaza, akafunga kizibo, akaendelea na kazi. Mzee akalibeba dumu kwa mikono miwili, akalificha stoo nyuma ya matairi mabovu, akalifunika na gunia. Kisha akarudi kwenye kiti chake akakaa ametulia tuli, mikono mapajani.

Kesho yake lori likaleta dizeli mpya. Kwa kuanzia walipewa kidogo tu. Binti akakinga kiasi kwenye gilasi, akaiinua juani. Ilikuwa inapitisha mwanga, na harufu yake ilikuwa ya mbali. Vijana wa pampu wakapiga makofi.

"Hebu," akasema mzee. Akanusa. Akanusa tena. "Hii mmeuziwa maji."

Wote wakacheka, naye akacheka nao. Lakini alipoutumbukiza ufito na kuutoa, alijiona kama aliyebisha hodi nyumba ikaitika kwa sauti asiyoijua. Mle ndani sasa hamna mtu wake. Ilimuuma hivyo hasa, akakaa na maumivu hayo mpaka mchana, chakula akakila nusu.

Baada ya chakula ndio wakati kituo kinapoa. Binti alikuwa amevuka barabara kwenda kuwaambia watu wa hospitali waanze kuleta magari. Vijana wa pampu walikuwa wanasinzia kivulini. Mzee Tone akainuka, akaenda stoo, akatoka na dumu. Akafungua mfuniko wa tangi, akapiga goti moja, akamimina taratibu, dizeli ikishuka nyeusi na nzito. Ilipokuwa inaisha akalitikisa dumu, akangoja lile tone la mwisho.

"Haya," akanong'ona. "Shikaneni mikono."

Alijisikia mwepesi. Jioni ile alikula mpaka akaongeza, na binti yake akafurahi kuona baba amelipokea jambo.

Mkaguzi wa mafuta akaja asubuhi, kabla gari hata moja la wagonjwa halijajazwa. Alikuwa mama wa makamo, mpole, na gari lenye vyombo nyuma. Alimwamkia mzee shikamoo kwa heshima zote, mzee akaitikia marahaba, akamwagizia soda. Mkaguzi akachukua sampuli kwenye mpira wa pampu, akachukua nyingine chini ya tangi kwa chupa yenye kamba, akaenda kuziweka kwenye kimashine chake. Binti alikuwa anatabasamu. Alikuwa amevaa ile blauzi yake ya sherehe, maskini, na nywele amezisuka upya.

Mkaguzi akatoka kwenye gari na uso wa mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba.

"Meneja, hii ina salfa kupita kiwango. Nimerudia mara tatu, jibu ni hilohilo."

"Haiwezekani."

"Nimepima pia ile chupa ya sampuli ambayo lori liliwaachia ya akiba. Ile ni safi kabisa. Kwa hiyo iliingia hapa ikiwa nzuri. Imechafuliwa ndani ya uzio huu."

Binti akashika ukingo wa pampu. "Tangi lilisafishwa. Nilisimama hapa, nikaona kwa macho yangu."

"Nakuamini, dada yangu. Lakini kimashine hakimwamini mtu." Mkaguzi akashusha pumzi. "Pampu ya dizeli naifunga kwa lakiri. Na ripoti nitaiandika kama ilivyo. Ulitia saini kwamba halina tone, na mimi nimekuta zaidi ya tone."

Akaitwa fundi wa matangi. Hakukawia, akaja na buti zake. Binti, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti pale kituoni, siku hiyo aliipandisha.

"Fundi, uliniambia umemaliza! Uliniambia pakavu! Nimekukosea nini mpaka unifanyie hivi?"

"Nilimaliza, Meneja."

"Sasa hii imetoka wapi? Imeshuka kutoka mbinguni?"

Fundi akafungua mdomo. Macho yake yakaenda kwa Mzee Tone pale kwenye kiti, yakakaa pale kidogo, kisha yakarudi chini kwenye buti. Akaufunga mdomo.

"Labda sikusugua vizuri," akasema.

Wee! Mzee Tone alihisi kama amepigwa kofi. Mtu mzima yule, mwenye watoto, anameza aibu isiyo yake kwa kumsitiri yeye. Na binti yake pale, blauzi ya sherehe, machozi yanamlengalenga mbele ya wafanyakazi wake. Baraka gani hii? Akainuka.

"Mwacheni fundi. Ni mimi."

Wote wakageuka.

"Nilichukua dumu la yale mafuta ya chini. Jana mchana nikayarudisha. Mkaguzi, andika hivyohivyo, na uandike kwa herufi kubwa. Binti yangu hakusema uongo."

"Baba," akasema binti. Kwanza hakuelewa. "Baba, kwa nini?"

Hapo mzee akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kukatakata, akirudi nyuma na kuruka mbele: siku ya lori la kwanza, jikoni, uchovu, debe la unga. Tangi lisikauke, mama yako alisema. Sijawahi kuliacha likauke. Mafuta yetu sisi wawili yalikuwa mle. "Nikaona mnamtoa," akasema.

Mkaguzi akajifanya anatafuta kalamu. Binti naye, kumbe, akaanza kucheka, na huku anacheka machozi yanamshuka.

"Baba, hivi wewe umewahi kulifungua lile debe?"

"Kulifungua? La nini? Nililiona siku zote lina unga."

"Juu uliona unga. Mama alikuwa analikausha kila mwezi."

"Nani?"

"Mama! Unga mpya ukija, kwanza anamwaga ule wa zamani wote kwenye sinia. Debe analisugua kwa mchanga na limau, analianika juani mpaka linaita. Kisha anatia mpya chini, wa zamani anauweka juu, tuumalize kwanza. Nimelisugua debe lile tangu nina meno ya utoto, mikono yangu inawasha nikikumbuka tu. Siku moja niliona uvivu nikamwaga mpya juu ya wa zamani. Alinichapa, Baba! Akaniambia, 'Unataka baba yako ale unga wenye fukusi?'"

Mzee Tone akaligeukia tangi, kisha akamgeukia binti tena.

"Sasa mbona aliniambia..."

"Alikwambia usiishiwe. Hakukwambia usisafishe."

Mkaguzi akasogea taratibu, akiwa na ile chupa aliyoizamisha chini ya tangi. Akampa mzee aishike. Mzee akaiinua juani kama binti alivyoinua gilasi jana yake. Juu dizeli ilikuwa nyangavu. Chini palikuwa na tope jeusi, chembe za kutu, na maji yaliyochafuka yakitembeatembea. Aliizungusha chupa, akaitazama muda mrefu. Marehemu mkewe alikuwa hawezi kulala kikombe kikiwa na utando wa chai. Alikuwa akimrudisha nje akajifute miguu hata siku ya msiba. Na yeye, mumewe, miaka yote hii alikuwa amemweka mle.

"Angeniona na hii," akasema polepole, "angenifukuza nyumbani."

"Na ufagio," akasema binti.

Pampu ilifungwa kwa lakiri, maana sheria ni sheria na mkaguzi hakuja kusikiliza hadithi. Magari ya wagonjwa yakaendelea kuchafuliwa pua kwingine kwa siku kadhaa. Ripoti iliandika jina la mzee, si la binti, naye aliposomewa aliitikia kila mstari kwa kichwa. Fundi aliombwa radhi mbele ya wote, na baba na binti kila mmoja kwa zamu yake. Akasema yamekwisha, akauliza tu jenereta linaendeleaje.

Siku ya kusafisha tena, Mzee Tone hakukaa kwenye kiti. Alisimama ukingoni mwa tangi tangu asubuhi, akimsumbua fundi mpaka basi. Pale kwenye kona umepita? Pitisha tena. Mara hii hakuja na dumu. Walipomaliza, akauchukua ule ufito, akaushusha mpaka ukagonga chini, mlio wa chuma kitupu. Akautoa. Akaupangusa kwa kiganja kutoka kwenye ule wekundu mpaka ncha, akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu. Akabaki amekishika hivyo mpaka lori la dizeli mpya lilipopiga honi nyuma yake.

Jioni, nyumbani, akaingia jikoni alimokuwa binti yake, bila kuitwa. Debe lilikuwa palepale kwenye kona. Akamwaga unga wote kwenye sinia, akaingiza mkono mpaka bega, akapapasa chini. Palikuwa laini kama kijiko.

"Baba, unatafuta nini humo?"

"Limau liko wapi?" akasema Mzee Tone, akiwa anakunja mikono ya shati.